Kompyuta Iliyokufa kwa Kupendwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, zamani za watu kuonana kwenye kioo huku wako nchi mbalimbali, palikuwa na mji mlimani, mji wa baridi na tangawizi. Katika mji huo mtoto hakupewa jina mpaka akutane macho na baba yake. Baba amtazame mtoto, mtoto amtazame baba, macho yashikane, ndipo jina litamkwe, na litamkwe kabla jua la siku hiyo halijachwa. Kabla ya hapo mtoto aliitwa Mgeni. Awe wa kike, awe wa kiume, Mgeni tu. Na Mgeni hakucheleweshwa, maana ugonjwa ukipita mlangoni ukaita "ewe!", mwenye jina hageuki, anajua haitwi yeye. Asiye na jina hugeuka. Na akigeuka ndiyo basi tena.

Mnanisikia? Haya.

Namkunda alikuwa na Mgeni wa kike. Baba yake Mgeni, Mbonea, aliondoka mimba ikiwa changa, akaenda nchi ya mchanga kuendesha mitambo ya kunyanyua mizigo. Kambini kwao palikuwa na chumba kimoja cha kuongelea na nyumbani, kila mfanyakazi na zamu yake Jumapili, na kila mmoja aliandikisha kompyuta moja ya nyumbani, hiyo hiyo. Simu ya jirani haikukubali, kompyuta ya shule haikukubali. Kwa hiyo kabla hajasafiri Mbonea alinunua kompyuta dukani kwa Bwana Kitururu, ya kufunguka kama kitabu, ikaja na waranti, yaani ahadi kwamba ikiugua ndani ya mwaka wataitibu wenyewe.

Mgeni akazaliwa. Miezi ya mwanzo hakujua kutazama, macho yanaelea tu kama ya mtu aliyeamshwa. Mbonea anaita kutoka kwenye kioo, "Mgeni! Mgeni wangu!", mtoto anatazama dari. Wakangoja. Na katikati ya Jumapili na Jumapili Namkunda alikuwa akishikwa na hamu, anaondoa kitambaa cha kudarizi, anafungua kompyuta, anatazama picha ya mumewe, anaifunga, anarudisha kitambaa vumbi lisiingie. Mtoto akilala, anafungua, anafunga. Akitoka kuchuma mboga, anafungua, anafunga.

Waranti ikaisha. Na kama vile kompyuta ilikuwa inangoja ruhusa, wiki ile ile kioo kikaanza.

Ukiifungua upana wa kiganja, kioo kinawaka, Mbonea yumo, anacheka. Ukifungua zaidi, giza. Sauti ipo, sura hakuna. Na kamera iko juu ya kioo, kwa hiyo ukifungua kidogo inatazama vitufe tu, ukifungua sana ndipo inamwona mtu.

"Unaniona?" anauliza Namkunda, amelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, anachungulia kama mtu anayechungulia chini ya mlango.

"Naona vitufe. Wewe unaniona?"

"Nakuona! Umekonda. Na sasa?" Ameinua kifuniko.

"Sasa nakuona, mama Mgeni. Mbona umejaa vumbi usoni? Wewe unaniona?"

"Giza."

Akimwona, haonekani. Akionekana, haoni. Na Mgeni ndio kwanza alikuwa amejua kutazama! Wakamlaza sakafuni naye, lakini mtoto mchanga hajui kuchungulia, hutazama kilicho wazi. Wakaifungua wazi, akatazama giza, akalia.

Namkunda akamfunga mtoto mgongoni, akabeba kompyuta mpaka dukani.

"Shikamoo, Bwana Kitururu. Kioo kimekuwa hivi."

Bwana Kitururu akafungua, akafunga. "Marahaba. Pole, dada. Waranti imeisha."

"Imeisha juzi tu!"

"Waranti ni kama mvua ya vuli. Ikipita imepita, huwezi kuirudisha kwa ndoo."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie mumeo anunue nyingine."

"Na ikija nyingine itaandikishwa lini, naye amebakiza Jumapili moja?"

Maana ndivyo Mbonea alivyokuwa amesema, sauti yake ikitoka gizani: wanapelekwa kwenye visima vya mafuta, jangwani ndani kabisa, mtandao hauingii, mpaka mkataba uishe. "Utaisha lini?" aliuliza Namkunda. Mbonea akajibu, "Mgeni atakuwa anakimbia." Na wiki ile ile Mgeni akapata homa. Zahanati wakatoa dawa, homa ikashuka, ikapanda. Mama Mbonea, mkwe wake Namkunda, akawa anakaa mlangoni na mchana kweupe, mguu umeziba kizingiti, kana kwamba ugonjwa ni kuku wa kuzuia kwa mguu.

Na Mbonea alikuwa ameshaapa, siku ile ile aliyosema habari za visima. "Mama, unanisikia? Namkunda? Mtu atakayenipa macho ya mwanangu, mtoto atachukua jina lake."

Si neno dogo hilo. Katika mji ule mwenye jina ni mzazi wa pili. Mtoto humpelekea limbuko la shamba, na siku ya kufa kwake mtoto ndiye humfunga macho.

Namkunda akaenda kwa Chediel, fundi wa redio na simu pale sokoni. Chediel akazima redio. Akaifungua kompyuta mpaka giza, akachukua tochi, akamulika kile kioo cheusi karibu karibu. Namkunda akapiga ukelele. Ndani ya giza, penye duara la tochi, palikuwa na jicho la Mbonea, lile la picha. Chediel akasogeza tochi, jicho likapotea, mdomo ukaja. Akasogeza tena, shingo.

"Picha haijafa," alisema Chediel. "Iliyokufa ni taa yake. Huku kwenye bawaba kuna utepe, mwembamba kama ganda la kitunguu, ndio unapeleka moto wa taa. Kila ukifungua unakunjwa, kila ukifunga unakunjwa. Mama Mgeni, hii uliifungua mara moja kwa wiki kweli?"

Namkunda akatazama chini.

"Basi kompyuta hii imekufa kwa kupendwa."

"Utaiponya?"

"Utepe wa namna hii hauuzwi hapa. Ukiagizwa, Jumapili yako itakuwa imeshapita. Labda tupate kompyuta pacha wake. Na hata hivyo naogopa. Mkono ukiteleza, hata hilo giza hutaliona."

Pacha ilikuwepo. Ilinunuliwa duka lile lile, mwezi ule ule, na Bibi Nakijwa, mjane wa nyumba ya juu, ili aone picha za binti yake Eliwaza aliyekuwa akisoma mbali. Eliwaza akafa huko huko. Tangu siku hiyo Bibi Nakijwa hakuifunga kompyuta ile hata mara moja. Iko mezani, wazi kama mlango wa anayengojewa, Eliwaza anacheka kwenye kioo kutwa, bibi anamenya viazi mbele yake. Ndiyo maana utepe wake ulikuwa mzima.

Namkunda alifika akasimama uani. Alizungumza habari za mvua. Alizungumza habari za kuku. Mtoto mgongoni akakohoa.

"Mjukuu," alisema Bibi Nakijwa, "hukupanda mlima huu kuniuliza kuku. Unataka nini?"

Namkunda akamwaga yote kwa mkupuo, bawaba, utepe, Jumapili, visima, homa, kisha akasema, "Lakini Bibi, usikubali. Ningekuwa wewe nisingekubali."

Bibi Nakijwa akageuka akamtazama Eliwaza kwenye kioo. Akatazama mpaka kiazi kikamwanguka mkononi. "Nisaidie kuibeba," alisema. "Na usiifunge. Ibebe hivyo hivyo, wazi."

Wakashuka na kompyuta wazi, bibi anashika kioo, Namkunda anashika chini, watu wa sokoni wanapisha kama wanapisha jeneza.

Jumapili Chediel akaanza mapema, kwa sababu Mbonea alikuwa na zamu ya saa nane. Umeme ukakatika. Akaendelea kwenye mwanga wa dirisha, jasho linatiririka na baridi ile. Akautoa utepe mzima wa Bibi Nakijwa, akautia kwa Namkunda. Ule mbovu akautia kwa Bibi Nakijwa, ili naye angalau abaki na upana wa kiganja. Bibi mwenye magoti mabovu yale, alale sakafuni kuchungulia! Saa nane ikafika, umeme hamna. Zamu ya Mbonea ikapita. Umeme ukarudi, wakawasha, wakaita, na Namkunda alijua kabisa kwamba hakuna mtu.

Kioo kikawaka, kikafunguliwa wazi kabisa, na Mbonea alikuwemo.

"Zamu si imepita?" alipiga kelele Namkunda.

"Imepita. Hii ni ya Bahadur."

Bahadur alikuwa mwenzake kambini, mtu wa milima ya mbali kuliko ile, naye anakwenda visimani kesho, naye mkewe ameketi huko kwao, amevaa nguo mpya, anangoja uso wake. Mbonea alimwambia, "Kaa, kiti chako hiki." Bahadur alimjibu, "Mimi nikifumba macho namwona mke wangu. Mwanao akifumba macho atamwona nani?" Akatoka nje, akafunga mlango.

Namkunda akamwinua Mgeni mbele ya kioo. Mtoto alikuwa wa moto, kichwa kinaning'inia. Mbonea hakumwita. Alisogea tu. Na Mgeni akainua kichwa polepole, akatazama, macho yakaenda pembeni, yakarudi, yakashika. Mtoto akanyoosha mkono, akagusa kioo penye shavu la baba yake, akakiachia alama ya mate.

"Ameniona," alisema Mbonea. "Mama, ameniona."

Kengele ya kumaliza zamu ikalia upande wa pili.

"Mpeni jina! Mimi nimeapa, ninyi mlioko huko ndio mnaojua. Na liwe moja tu. Mtoto wa majina matatu ana baba watatu." Akataka kusema neno jingine, kwa mkewe, midomo ilishaanza. Kioo kikabaki na picha yake ya kila siku.

Sasa wote wako uani kwa Mama Mbonea, na jua limeshainama.

Chediel akasema, "Bila mimi kuna nini? Utepe hauna miguu. Mkono wangu haukuteleza. Na mnajua nyumbani kwangu hakuna mtoto. Kila siku narudisha sauti kwenye redio za watu, mimi kwangu ni kimya. Mpeni jina langu. Jina halina sketi wala suruali."

Bibi Nakijwa akasema, "Bila mimi mkono wako ungeshika nini, Chediel? Lakini silitaki kwa ajili yangu, mimi jina langu limechoka. Aliyetoa macho ni Eliwaza. Uso wake ndio uliozimika ili wa Mbonea uwake. Sasa kumwona binti yangu mpaka nilale sakafuni, na nikilala siinuki peke yangu. Nataka kusimama uani niite 'Eliwaza!', na kuwe na mtu wa kuitika. Mara moja tu kabla sijafa."

"Mtoto apewe jina la marehemu, na homa hii?" alisema Chediel. Kisha akajuta, akatazama viatu vyake.

Mama Mbonea akasema, "Bila yule Bahadur mngemulika kioo kitupu. Nani atamsemea? Kesho yuko kwenye lori. Ninyi mlitoa mkono na utepe, yeye alitoa uso wa mkewe, na yeye hatujui, na sisi hatumjui, na hakuomba. Yule mwanamke amevua nguo mpya amekunja. Hata asipokuwepo wa kuwaambia, na pawe na mlima ambako mtoto anaitwa kwa jina lao."

Hata Bwana Kitururu alikuwa amekuja, kasimama kwenye ua. "Na mimi je? Ningeipokea kwa waranti, ingepelekwa kiwandani, mngekuwa bado mnangoja!"

"Wewe mpe jina mbuzi wako," alisema Bibi Nakijwa, na watu wakacheka, na kicheko kikaisha upesi, kwa sababu mtoto alikuwa amekohoa tena.

Namkunda amemkumbatia. Anampenda Bibi kama mama yake. Chediel bado ameshika bisibisi, anamwona. Na mlango ule uliofungwa kambini anausikia, ingawa hakuwepo. Jua limebakiza ukingo. Mgeni anafumbua macho, anayageuza kuelekea njiani, ambako hakuna mtu, anatazama kama mtu anayesikia akiitwa.

Namkunda anashusha mdomo sikioni mwa mtoto. Anavuta pumzi.

Haya, ninyi mnaosikiliza, semeni haraka: litoke jina la nani?