Kwa Nini Daraja la Lwifwa Limepinda

Cheka tu, umeshavuka salama. Kila mgeni akifika katikati ya daraja letu huuliza fundi wake alikuwa amelewa nini. Basi keti hapa ukingoni nikueleze.

Zamani ukungu wa Mto Lwifwa haukuwa na tabia ya kuondoka. Ulilala juu ya maji kutwa nzima, na kivuko kilikuwa gogo moja tu. Mwaka ambao Tusekile aliolewa ng'ambo, mafuriko yalilichukua gogo lile. Baba yake, Mwakifuna mwashi, akabakiwa na sauti: kila alfajiri alimsikia mwanawe akitwanga. Aliujua mdundo wake, miwili ya haraka na mmoja wa kuvuta. Hakuwa na mtoto mwingine, na alimkumbuka mno.

Akaanza kujenga daraja la mawe. Kamba ya kunyooshea haikufaa kitu ndani ya ukungu, kwa hiyo aliufuata mdundo wa mchi. Tao la kwanza likanyooka vizuri mpaka kwenye mwamba wa katikati ya mto.

Hapo mchi ukanyamaza. Siku nne Mwakifuna alikaa juu ya mwamba, hali chakula, akisikiliza maji. Siku ya tano mdundo ukarudi, dhaifu, kutoka upande wa juu wa mto. Baadaye ilijulikana kwamba mvua ilibomoa nyumba ya Tusekile, wakahamia huko mlimani. Mwakifuna hakungoja kuambiwa. Akaligeuza daraja.

"Fundi, linapinda hili! Watatucheka," wenzake waliomsaidia kujenga wakalalamika.

"Wacheke. Mwanangu amehama."

Tao la pili lilipokamilika, alisimama pale kwenye kona, akagonga ukuta wa daraja kwa nyundo mara tatu, kama mtu anayebisha hodi. Mchi ukasimama.

"Karibu, Tata," sauti ya binti yake ikaitikia ndani ya ukungu. "Nilikuwa naisikia nyundo yako. Hata mahindi yalipokwisha nilitwanga kinu kitupu, usije ukapotea."

Na tangu siku hiyo, kila anayevuka hugonga ukuta pale kwenye kona, ndiyo maana jiwe lile limebonyea. Siku hizi ukungu huondoka saa tatu, na ng'ambo yote huonekana. Hata hivyo, mwanamke yeyote anayetwanga kule akisikia jiwe likigongwa, husimamisha mchi kidogo, asikilize kama ni baba yake.