Nguchiro na Treni Saba za Kwenda Kwenye Mabembea

Nabisha hodi, nina hadithi.
— Iingie.
Ina meno.
— Iingie na meno yake.

Palikuwa na Nguchiro, mjane, jina lake Siwema. Alikaa shimoni kando ya reli, akiwauzia wafanyakazi wa asubuhi karanga za kukaanga. Maisha yake yote hakuwahi kupanda juu kuliko kichuguu. Siku moja akasikia kwamba nchi ya jirani, ng'ambo ya mto, kuna bustani ya mabembea, na katikati yake pana gurudumu kubwa linalobeba wanyama hadi juu ya miti, mtu akaona dunia mpaka inapoishia. Tangu siku ile hakulala vizuri. Alitaka kulipanda gurudumu lile kabla hajafa.

Ilikuwapo treni ya haraka ya kwenda huko moja kwa moja, lakini nauli yake ilikuwa ya akina Simba na Tembo. Nguchiro akafanya hivi. Alimwuliza kila mfanyakazi aliyenunua karanga anashukia wapi, na hapo wenzake hupanda ipi. Kima akamweleza ya kwake, Ngiri ya kwake, Bata ya kwake. Akayaunganisha maneno yao kama mtu anayeshona viraka, akapata njia: treni saba za kawaida, zile za kila siku za kwendea kazini, na daraja moja la mpakani la kuvuka kwa miguu. Hata muuza karanga angeimudu.

Akaondoka alfajiri na kikapu cha chakula. Kufika stesheni, akamkuta Fisi.

Huyu Fisi, Mzee Kingugwa, alijulikana. Alimsindikiza Digidigi kwa wakwe, akarudi peke yake akichokoa meno. Alimsindikiza Kanga sokoni, akarudi peke yake akichokoa meno. Sasa akauliza kwa upole safari ni ya wapi, na Nguchiro, kwa woga, akasema kweli.

"Mwanangu, njia ndefu hivyo huwezi kwenda peke yako," Fisi akasema. "Nitakusindikiza."

Nguchiro hakuthubutu kukataa. Wakapanda.

Chuku-chuku, chuku-chuku, fwiii. Kituo cha kwanza. Fisi akauliza, "Kikapuni kuna nini?" Kulikuwa na mihogo. Akaila yote. Wakabadili treni.

Chuku-chuku, chuku-chuku, fwiii. Kituo cha pili. "Kikapuni kumebaki nini?" Kulikuwa na mayai. Akayala na maganda yake. Wakabadili treni.

Chuku-chuku, chuku-chuku, fwiii. Kituo cha tatu. "Kikapuni kumebaki nini?" Kulikuwa na samaki wakavu. Akawala na miiba yao. Wakabadili treni.

Kituo cha nne akauliza tena, na Nguchiro akajibu kwamba hakuna kitu, mjomba. Fisi akamtazama toka masikioni hadi mkiani, taratibu, kama fundi anayepima kitambaa.

"Si neno," akasema. "Nasikia pale darajani hapapiti watu. Tutapumzika kidogo, wewe na mimi."

Wakapanda treni ya tano, ile ya kwenda darajani. Akawatazama abiria mmoja mmoja, na kila aliyemtazama akafumba macho akajifanya kasinzia.

Hapo akakumbuka neno la Ngiri, mfanyakazi wa karakana. Treni ya tano hukatwa vipande viwili kituo cha Njiapanda. Mabehewa ya mbele huendelea darajani, ya nyuma huenda karakana kuoshwa. Na katika behewa la mwisho husafiri sufuria kubwa ya makongoro, miguu ya ng'ombe iliyochemshwa, chakula cha mchana cha waoshaji.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "behewa la mwisho kuna makongoro."

Hakusema uongo. Yaliyobaki hakuyasema.

Pua ya Fisi ikacheza. Lakini Fisi hakuwa mjinga. Akamkamata Nguchiro kwa ukosi, akaenda naye. Hilo Nguchiro hakulitazamia. Walipofika behewa la mwisho, Fisi akamweka sakafuni, akamkanyaga mkia, akafunua sufuria, akaanza kula. Mpishi, Kobe, alipoona ni nani, akageuka kutazama dirishani.

Treni ikapunguza mwendo. Njiapanda. Chini yao nyundo za wakata mabehewa zikaanza: ngo, ngo, ngo. Mkia ungali chini ya mguu.

"Uboho uko chini kabisa, mjomba," Nguchiro akasema, na meno yake yakigongana.

Fisi akaingiza mikono miwili. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega, na ili ainame zaidi, akainua mguu.

Nguchiro hakukimbia, maana anayekimbia husikika. Alitembea. Nyuma yake sauti ikauliza kutoka ndani ya sufuria, "Kumebaki nini?"

Nguchiro akasimama, damu imemwishia. Kobe, bila kugeuza shingo, akajibu, "Kumebaki kingi, mzee. Endelea."

Akatembea. Alipofika penye maungio ya mabehewa akasikia kwachaa, na pengo likaanza kupanuka mbele yake, ardhi ikipita chini. Akafumba macho, akaruka. Ukucha mmoja tu ulishika behewa la mbele. Huo mmoja ukamvuta ndani.

Darajani alivuka peke yake, na kila hatua tatu aligeuka. Akapanda ya sita, akapanda ya saba, akafika. Akaketi katika gurudumu, likampandisha juu ya miti, juu ya mapaa, na dunia ikawa wazi mpaka inapoishia. Lakini Nguchiro hakuitazama. Alitazama reli, nyembamba kama uzi, aone treni zinazokuja zinamshusha nani.

Kwao hakurudi. Anauza karanga huko huko. Na Fisi alioshwa pamoja na behewa, kwa brashi na sabuni, akatoka anang'aa na kunukia. Wenye reli walipomwona mzee safi namna ile, wakampa kofia na kazi ya kulinda abiria.

Hadithi yangu inashuka hapa. Mwenye mizigo aangalie asisahau kitu.
— Na funzo lake?
Funzo lake ni hili: mkienda safari ya mbali, msiende peke yenu. Tafuteni mtu mzima mwenye nguvu, awasindikize.