Kichochoro cha Bi Sikudhani

Jicho la kumtega mwizi humnasa na mkimbizi. Ndivyo alivyosema mpishi wa hosteli yenu jana, mlipokuwa mkibishana habari ya geti jipya, lile linalosoma sura ya mtu na kumfungulia lenyewe. Nimesikia mlimcheka. Sasa mmekuja kwangu kuuliza maneno yale yametoka wapi, mmejaa sebule nzima, na mimi nyumba ikijaa sijui kunyamaza. Sogeeni. Wewe wa mlangoni kaa kwenye mkeka, usisimame kama polisi. Maana yake ni fupi. Kirefu ni chanzo chake, nacho nakijua kwa sababu nilikuwepo.

Msidhani ni neno la wahenga. Halijatimiza hata miaka tisa. Lilizaliwa hapa hapa Morogoro, mtaa wa Chemchemi, nilipokuwa nakaa kabla ya kuhamia huku.

Pale mtaani kulikuwa na bibi mmoja akiitwa Sikudhani. Alikuwa mkunga wa zahanati hadi alipostaafu, na nusu ya watu wa Chemchemi walipokelewa duniani na mikono yake. Nyumba yake ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara. Wa nyuma ulitokea kwenye kichochoro chembamba, cha kupita mtu mmoja na ndoo yake, ambako wanawake tulizoea kukaa kufua.

Mwanamke akipigwa na mumewe, alikimbilia mlango ule wa nyuma. Alipita katikati yetu sisi wafuaji, nasi tuliinamisha vichwa kwenye mabeseni kama hakuna kilichopita. Mume akija kuuliza, sisi sote tulikuwa na jibu moja: hatujamwona. Alijua ni uongo. Sisi tulijua kwamba anajua. Lakini uongo ule ulikuwa ukuta, na hapakuwa na mwanamume aliyethubutu kuuparamia. Alitakiwa asubiri siku ya tatu, aje kwa mlango wa mbele na mzee wa upande wake, avue viatu, akae chini aambiwe. Katika siku hizo tatu hasira ilipoa, au ndugu wa mke walipata nafasi ya kufika kumchukua. Bi Sikudhani mwenyewe alisema hiyo si dawa, ni bandeji. Ila watu walipona kwa bandeji hiyo.

Mtaa wetu ulikuwa na midomo mirefu, na wangu ulikuwa wa kwanza kwa urefu. Nani kahama, nani kaposwa, nani kapika nyama katikati ya wiki, vyote vilipita kwangu kwanza. Lakini la mlango wa nyuma tulilifungia. Hatukulisema hata sisi kwa sisi. Waliolijua ni waliowahi kuolewa, na waume waliowahi kungojeshwa siku tatu, nao kwa aibu hawakulisema.

Ikaja miaka ya wezi. Mitungi ya gesi ikaondoka, pampu za maji zikang'olewa, nguo zikaanuliwa na mikono isiyozifua. Ulinzi shirikishi ukachoka. Ndipo Yustino, kijana wetu aliyesomea umeme chuoni, akaitisha kikao pale ofisi ya mtaa. Alikuja na kamera mkononi, ndogo kama yai. Akatueleza kwamba kitu kikisogea mbele yake, picha inakwenda papo hapo kwenye simu za kamati ya ulinzi, watu wanane, popote walipo. Na mahali pa kwanza pa kufunga, alisema, ni kichochoroni, maana wezi wote hupita huko.

Watu walipiga makofi. Bi Sikudhani akasimama, akauliza picha zile zitatazamwa na nani, na zikishatazamwa zitakwenda wapi. Yustino akamjibu kwa adabu kwamba ni kamati tu. Bibi akasema kichochoro kiachwe. Mwenyekiti wa mtaa akataka kujua kwa nini.

Na hapo ndipo alipokwama, wajukuu zangu. Fidelis, mchomeleaji mageti, alikuwa amekaa kiti cha pili, naye ni mjumbe wa kamati. Mkewe Asteria, fundi cherehani, alikwisha kupita kichochoro kile mara mbili. Siri haina wakili. Ukisimama kuitetea mbele ya watu, umeshaitoa. Bi Sikudhani akasema tu kwamba kichochoro ni mahali pa wanawake, kuna nguo za ndani kwenye kamba. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akadakia kwamba anayeogopa kamera ana la kuficha, labda Bibi amepata mchumba.

Nilikuwepo. Wanawake wenye kujua tulikuwa zaidi ya thelathini ukumbini, na tulicheka pamoja na wengine. Mimi nilicheka kwa sauti. Wakati nacheka, mwenyekiti akasema kamati inahitaji mwanamke, wakanichagua.

Mwezi wa kwanza tukamnasa mwizi wa mitungi, akapelekwa kituoni akiwa na mtungi wake begani. Mtaa ukalala milango wazi. Siwadanganyi kwamba kamera haikufanya kazi. Ilifanya. Kisha ikawa tamu. Nyumba yangu ilijaa kila mchana, watu wanakuja kwangu, kwa Mama Jeni, kutazama simu. Huyu anatoka kwa nani saa hizi, yule mbona amebeba begi. Nilikaanga karanga, nikachemsha chai, nikawa na baraza ambalo hata mwenyekiti hakuwa nalo.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, wageni watano wakiwa sebuleni, simu ikalia. Nikaitazama. Mwanamke kapita kichochoroni mbio, kanga kichwani hadi machoni, ndala mguu mmoja, mguu wa pili mtupu. Sura haikuonekana, lakini mabega yale nilikwisha kuyaona yameinama juu ya cherehani miaka sita. Nikaigeuza simu kifudifudi mkekani. Wenzangu wote watano wakatazama vikombe vyao. Tulifanya kama tulivyozoea mabesenini. Tukasahau kwamba simu nyingine saba zimelia.

Mzee Kibwana, askari jela mstaafu, naye wa kamati, akaandika kwenye kundi la simu la kamati: ni nani huyo aliyejifunika, vijana mfuateni. Mnajua mtu anayefuatwa na vijana mchana hufanywaje. Yustino alikuwa dukani kwake. Akaogopa asije akaumizwa asiye na hatia. Akafungua kamera ya pili, aliyoiongeza baadaye upande wa mlango wa Bibi, akaitoa picha ya uso, akaituma. Chini yake akaandika, "Jamani msimguse. Si mwizi huyo, ni dada Asteria wa cherehani. Ameingia kwa Bi Sikudhani."

Yalikuwa maneno ya huruma kabisa. Yustino alikuwa hajaoa. Mambo ya mlango wa nyuma hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilimpigia Bi Sikudhani. Simu yake ya vitufe iliita chumbani bila mtu. Nikatoka, nikakimbia kwa umri huu na mwili huu, kanga mkononi. Nilipofika kichochoroni Fidelis alikuwa amekwisha kusimama kwenye mlango wa nyuma, na glavu zake za kuchomelea bado amezivaa. Bi Sikudhani alikuwa kizingitini, mikono ina unga.

"Hatujamwona, baba," alimwambia.

Fidelis hakupandisha sauti. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Bibi, mimi nakuheshimu. Wewe ndiye uliyemzalisha mama yangu. Ila tazama hapa." Akamwekea simu mbele ya macho. "Huyu ni nani?"

Bibi alitazama. Hakuwa na miwani, lakini nadhani aliona.

"Siku ya tatu," akasema. "Uje na mzee wako, mlango wa mbele."

"Siku ya tatu ya nini, Bibi, na mimi nimeshamwona?"

Miaka yote tulimzuia mwanamume mlangoni kwa neno moja, na neno lile sasa lilikuwa limekufa mkononi mwa Fidelis, ndani ya kile kioo cha simu. Pembeni walikuwa wafuaji wanne, na mimi wa tano. Tungeweza kusimama mbele ya mlango. Kile kichochoro kilikuwa chembamba, miili mitano ingekiziba. Hakuna aliyeinuka. Tulizoea kuokoa watu kwa kuinamisha vichwa, na vichwa vyetu vikabaki huko huko chini.

Asteria akatoka mwenyewe. Kaka yake wa Mahenge alikwisha kumwahidi kwamba atafika Jumatatu asubuhi kumchukua, nasi tulilisikia hilo. Alihitaji siku mbili tu, naye alijua kwamba sisi tunajua. Akamsogeza Bi Sikudhani taratibu, kwa bega, kama unavyomsogeza mtu aliyelala.

"Mwache Bibi," alimwambia mumewe. "Nakuja."

Aliponipita akasimama kidogo. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Mama Jeni, gauni la Jeni limebaki vifungo tu. Liko kwenye ndoano nyuma ya mlango."

Wakaondoka, yeye mbele, Fidelis nyuma. Simu yangu ikalia kuniarifu kwamba kuna watu wawili wamepita kichochoroni.

Jumapili jioni walimpeleka hospitali ya mkoa. Kaka yake aliposhuka kwenye basi Jumatatu asubuhi, na kikapu cha mchele wa Mahenge, alitukuta tumekaa chini kwenye uwanja wa hospitali. Aliweka kikapu, akakaa.

Fidelis alikamatwa. Polisi walichukua picha za kamera, ambazo baadaye mahakamani zilimfunga. Kwa hiyo baada ya arobaini ya Asteria, tulipokutana tena ofisi ya mtaa, kulikuwa na watu waliosema kamera imetenda haki. Yustino aliomba zile za kichochoroni zishushwe. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi kwa kila neno. Mzee Kibwana akakataa. Alisema zikishushwa Jumatatu, wezi watarudi Jumanne, na je, mtungi wa mjane ukiibwa tumjibu nini? Hoja ile nayo ilikuwa na ukweli. Walibishana hadi jua likawahama. Mwisho mwenyekiti akamgeukia Bi Sikudhani, akamlaumu kwa upole kwamba siku ile ya kwanza angetuambia wazi, tungeelewa.

Bibi alisimama kwa kushika kiti cha mbele yake.

"Ningewaambia mbele ya nani, mwenyekiti? Fidelis alikuwa amekaa hapa, kiti nilichoshika." "Simlaumu Yustino. Alitaka kumwokoa. Wala sisemi wezi waachiwe mtaa. Lakini mlitega bila kuuliza ni nani wengine wanaopita njia ile. Mwizi anayo njia nyingine. Yule binti alikuwa na njia moja. Jicho la kumtega mwizi humnasa na mkimbizi."

Akakaa. Kura zikapigwa, kamera zikabaki.

Wiki iliyofuata Bi Sikudhani alimwita fundi, akauziba mlango wa nyuma kwa matofali. Nilikwenda kumsihi asiuzibe. Akaniuliza kama nataka wanawake waendelee kukimbilia mahali ambapo waume zao watawaona wakiingia. Nilijitoa kwenye kamati, na karanga sikukaanga tena. Watu wakahamia kwa mwingine, maana kioo hakikosi mtazamaji.

Mitungi ya gesi haikuibwa tena Chemchemi, hilo nakiri. Na baada ya pale hakuna mwanamke aliyepita kichochoroni akikimbia. Mwenyekiti alilitaja hilo siku moja kwenye hotuba, akalihesabu kuwa ni amani. Mimi nyumba yangu ilibanana na za watu, nilisikia kupitia kuta yaliyokuwa yakiendelea ndani. Siku moja kabla ya kuhama niliona mama mmoja kijana, mgeni wa mtaa, amesimama pale kichochoro kinapoanzia, ameshika shavu lake kwa kiganja. Akainua macho juu ya nguzo, penye kamera. Akatengeneza kanga yake, akageuka, akarudi alikotoka.

Nilimtazama hadi akaingia kwake na mlango ukafungwa. Basi, mpishi wenu hakuwa akiwachekesha. Jicho la kumtega mwizi humnasa na mkimbizi.