Homa Haisomi Bajeti

"Homa haisomi bajeti." Mmeusikia msemo huo leo kwenye mkutano wa kijiji, mkacheka pamoja na watu wazima, kisha mkanijia kuuliza umetoka wapi. Si msemo wa kale. Wengi waliokuwapo siku ulipotamkwa mara ya kwanza wangali hai. Basi kaeni, niwaeleze ulivyoanza.

Palikuwa na waziri wa afya, jina lake Teodora Kasubi. Kabla ya kuingia katika siasa alikuwa daktari wa wilaya kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka huo masika yalizidi, na malaria nayo ikazidi. Barua zikamiminika wizarani kutoka zahanati za mabondeni: dawa mseto zimekwisha. Bunge lilikuwa limepitisha fedha za dawa tangu Julai, lakini Hazina haikuwa imezitoa. Teodora aliwaandikia mara tatu. Mara tatu akajibiwa avute subira, nchi imefunga mkanda.

Siku aliyopangiwa kujibu maswali bungeni aliamka na moyo usiotulia. Alimimina chai, akaiacha ipoe. Akamimina nyingine, nayo akaisahau. Ndani ya gari alisoma jibu walilomwandalia wataalamu wake. Neno "imetenga" lilikuwamo mara nne katika nusu ukurasa. Akamgeukia katibu mkuu wake, Bwana Hizza Mnkondya.

"Hizza, hizi dawa ziko wapi?"

"Zimo kwenye mpango, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza ziko wapi."

Bwana Hizza alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Tukisema fedha zimetengwa hatujadanganya. Na Waziri wa Fedha ameomba tusiongeze neno. Wiki hii anazungumza na wakopeshaji. Wakisikia kwamba Hazina imeshindwa hata kununua dawa, watatugeuzia mgongo, na hapo tutakosa dawa na barabara vilevile."

Hoja ile haikuwa ya kipuuzi, na hilo ndilo lililozidi kumtaabisha Teodora. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

Saa tatu asubuhi Spika alimwita Mheshimiwa Fabiani Lukwaro, mbunge wa Lukongwe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ndogo, na wa chama kilekile cha Teodora. Aliuliza ni lini dawa za malaria zitafika katika zahanati ya Lukongwe.

Teodora akasimama. "Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Lukwaro. Serikali imetenga fedha za kutosha kwa ajili ya dawa katika zahanati zote nchini, ikiwemo ya Lukongwe…" Alisoma hadi mwisho. Wabunge wakapiga meza. Akaketi, lakini alikuwa kama aliyekalia upupu.

Mheshimiwa Lukwaro akasimama tena kwa swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, namshukuru Waziri kwa majibu yake. Kule juu, kwenye viti vya wageni, yuko muuguzi wa zahanati yetu, Yustina Mahimbo. Amesafiri siku mbili kwa basi. Wiki iliyopita alipokea watoto tisa wenye malaria, naye hakuwa na chochote ila vidonge vya kutuliza maumivu. Mmoja tumemzika Ijumaa. Swali langu ni dogo. Kesho akiletewa mtoto mwingine, amsomee ukurasa upi wa bajeti?"

Wachache wakacheka. Teodora akainua macho. Muuguzi alikuwa amevaa sare yake nyeupe. Hakuwa na uso wa hasira hata kidogo. Alikuwa ameshika kalamu na kidaftari, amekaa tayari kuandika atakachoambiwa.

Mhudumu akamletea Teodora kikaratasi kutoka kwa Waziri wa Fedha. Kilikuwa na maneno mawili: *Zimetengwa. Basi.*

Teodora akaikamata maiki. "Mheshimiwa Spika, kama nilivyosema katika jibu langu la msingi, fedha zimetengwa…"

Kule juu Yustina akainama, akaanza kuandika.

"Usiandike!" Teodora akapaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri," Spika akamkatiza, "zungumza na kiti."

"Niwie radhi, Mheshimiwa Spika. Namwomba muuguzi yule asiandike jibu hilo, maana halina faida kwake. Fedha zimetengwa tangu Julai. Hazijatolewa. Dawa hazijanunuliwa. Mimi nilikuwa daktari, na homa haisomi bajeti. Humpanda mtoto kati ya asubuhi na adhuhuri, wakati sisi tunapanga kwa robo mwaka. Sina ukurasa wa kumpa."

Ukumbi ulilipuka. Waziri wa Fedha alisimama akitaka kutoa taarifa. Wengine wakamzomea, wengine wakamzomea Teodora. Mheshimiwa Lukwaro akatoa hoja ya dharura, na zaidi ya nusu ya wabunge wakasimama kuiunga mkono. Kufikia jioni Bunge lilikuwa limekata fedha za safari na posho zake lenyewe, na fedha hizo zikapelekwa kwenye dawa.

Msidhani yaliisha kwa vigelegele. Wakopeshaji walisitasita kwa miezi, na barabara mbili zikasimama. Teodora aliitwa asubuhi iliyofuata akaulizwa kwa nini aliwavua nguo wenzake hadharani. Mwezi haukuisha akaondolewa uwaziri. Na Lukongwe, kabla dawa hazijafika, mtoto mwingine alizikwa.

Dawa zenyewe zilifika mjini wilayani siku ya sita. Afisa mmoja akaja Lukongwe kuwatangazia akina mama waliojaa barazani pa zahanati kwamba makasha yapo, ila yatagawiwa Jumatatu, baada ya kikao cha mgao. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Yustina alikuwa amekwisha wasimulia yote aliyoyasikia bungeni. Mama mmoja, Sikujua binti Mwenda, akainuka mgongoni amembeba mwanawe aliyekuwa akichemka kwa homa kama jiko. Hakupiga kelele. Akaenda hadi kwenye gari la afisa, akafungua mlango, akapanda, akaketi.

"Mama, unakwenda wapi?" afisa akauliza.

"Kwenye dawa. Jumatatu ni yenu. Homa haisomi bajeti, na kikao haikijui."

Yustina naye akapanda. Afisa alisimama pale, funguo zikicheza mkononi, akimtazama mtoto. Kisha akaliwasha gari. Alasiri ileile walirudi na makasha manne, na mtoto wa Sikujua akameza kidonge chake cha kwanza kabla makasha mengine hayajashushwa.

Tangu hapo, mtu mwenye shida ya leo akiahidiwa msaada wa kesho, watu wa Lukongwe hawabishani na anayeahidi wala hawamtukani. Humwambia tu: homa haisomi bajeti.