Majina ya Simba na Masikio ya Sungura

Hebu fumba macho kidogo uone. Jua limewaka mpaka nyasi zimegeuka rangi ya majivu. Mito imekauka, mabwawa yamepasuka nyufa, na katika nchi nzima ya wanyama imebaki chemchemi moja tu, chini ya jabali, mbele ya pango la Simba. Ni alfajiri. Maji ni meupe, yametulia. Wanyama wamesimama foleni, ndimi zinawaning'inia, lakini hakuna anayethubutu kuinamisha kichwa. Wanamsubiri Simba anywe kwanza.

Na Simba hatoki.

Simba huyo alikuwa na maringo. Kila alfajiri, kabla hajaweka mguu nje, alitaka aitwe kwa majina yote ya sifa za ukoo wake, moja baada ya jingine, bila kurukwa hata moja. Kazi hiyo ilikuwa ya Korongo. Kiangazi kilipozidi, Korongo alikunjua mabawa akaenda zake kwenye nchi za mvua, wala hakuaga. Tangu siku hiyo Simba alisusa. Alilala pangoni hadi jua la utosi, akatoka amenuna, akanywa, akaingia majini na kujigaragaza, kisha akawaachia wenzake tope.

Aliyeumia zaidi ni Bi Digidigi. Alikuwa amejifungua karibuni, na kwa kunywa tope kila siku, maziwa yalianza kumkauka. Mtoto wake alikuwa hajaweza hata kusimama.

"Nikipata maji safi siku chache tu," alimwambia jirani yake, "mwanangu atapona. Bila hivyo, sijui."

Siku moja Simba akatoa tangazo, akinguruma kutoka ndani bila kujisumbua kutoka.

"Mwezi ukiandama nitawajaribu wote wanaotaka. Atakayetaja majina yangu sawasawa atakuwa mwitaji wangu. Atakunywa wa pili baada yangu, yeye na watu wa nyumbani kwake."

"Na atakayekosea, Mfalme?" aliuliza Fisi.

"Atakunywa wa mwisho. Kama patabaki kitu."

Aliyeyajua majina yale yote alikuwa Mwalimu Kanga, maana kiota chake kilikuwa jirani na pango, na kwa miaka mingi alimsikia Korongo akiyataja. Lakini Simba alishamkataa. "Sauti yako," alimwambia, "ni kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga." Kanga hakununa. Alifungua darasa kando ya kichuguu na kumkaribisha kila aliyetaka kujifunza.

"La kwanza ni Mtikisa Milima," alisema. "Babu yake alinguruma, mawe yakaporomoka mlimani. La pili ni Mlinda Mito, kwa sababu bibi yake alifukuza viboko waliokuwa wakichafua maji ya kunywa. La tatu ni Mtandaza Kivuli. Baba yake alikuwa na manyoya mengi shingoni, watoto wakalala kwenye kivuli chake. Haya yanatosha kwa leo."

Sungura alikuwa ameketi nyuma kabisa, mguu juu ya mguu. Aliinuka akajipangusa vumbi.

"Mwalimu, nimeshika."

"Umeshika au umesikia?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Nipe mgongo, uangalie kule porini, kisha unitajie."

Sungura akageuka. "Mtikisa... Mtikisa... La kwanza lilianza na Mtikisa."

"Lilimalizika na nini?"

Darasa zima likacheka. Sungura alishika kichwa. "Jua limenichoma leo," alisema, na akaondoka akirukaruka kama mtu asiye na hasara yoyote.

Hakuwa mjinga Sungura. Angetaka, angeyajua majina yote kuliko wengine. Ila kurudia jambo mara mbili kulimchosha, na kuhangaisha wengine kulimfurahisha. Alikwenda moja kwa moja kwa Fisi, akamkuta amelala kifudifudi akisikiliza tumbo lake likiunguruma.

"Mjomba Fisi, wewe duniani hapa unapenda nini?"

"Mifupa."

"Na baada ya mifupa?"

"Mifupa mingine."

"Basi sikia. Najua Chui alikoficha mifupa ya nyati. Minene, imejaa uboho, haijaguswa. Nitakupeleka. Kazi yenyewe ni ndogo tu: jifunze majina ya Simba. Siku ya mtihani ujibanze nyuma ya pango, kwenye ule ufa. Mimi nitasimama ndani nikiuegemea. Utaninong'oneza, mimi nitasema."

Fisi alikuna shingo. "Mbona usijifunze mwenyewe?"

"Mjomba! Mwenye masikio marefu namna hii asumbue kichwa kwa nini?"

"Nipe mifupa kwanza, basi."

"Ukishiba utalala. Kazi kwanza, mifupa baadaye."

Fisi alimeza mate, akakubali.

Kesho yake alifika darasani akihema. "Mwalimu, nimwagie yote leo. Niyameze, nikapumzike."

"Hapana, Bwana Fisi. Leo tunaanza kwa kurudia ya jana, kisha tunaongeza kidogo."

"Kurudia? Kitu kilichokwisha kuliwa kinarudiwa?"

"Sisi tunarudia," alisema Bi Digidigi kwa upole. "Asubuhi tunameza majani. Mchana tukikaa kivulini tunayarudisha mdomoni, tunayatafuna upya mpaka yalainike. Ndiko kucheua."

"Uchafu gani huo!" alisema Fisi, ambaye juzi yake tu alikuwa amekula ngozi iliyooza, na kwato zake.

Aliondoka, hakuonekana tena darasani.

Bi Digidigi yeye alikuwa hakosi. Alichukua majina machache, akaenda nayo malishoni. Alipotulia kucheua majani, aliyacheua na majina. Hakukimbilia kumwuliza Kanga kila alipokwama. Alifunga macho kwanza, akalivuta lile jina lililojificha, akalivuta tena. Likikataa kabisa, ndipo alipokwenda kuuliza hilo moja, akarudi. Wakati wa kumnyonyesha mwanawe, alimsimulia habari za yule babu aliyeporomosha mawe na yule bibi aliyewafukuza viboko. Mtoto hakuelewa neno, lakini mama alipomaliza kusimulia alijikuta ameelewa zaidi yeye mwenyewe.

Siku moja aliyasahau mawili ya jana, akaja kwa Kanga analengwalengwa na machozi.

"Kichwa changu kinavuja, Mwalimu."

"Kichwa cha kila mtu kinavuja, Bi Digidigi. Ndiyo maana tunarudi kukijaza kabla hakijakauka. Na jioni nenda ukalale. Usikeshe. Ukilala, kichwa kinapanga ulichokipa."

Mkesha wa mtihani, jua likiwa linaelekea kuzama, Fisi alitokea mbio. "Yote, Mwalimu! Yote, sasa hivi!"

Kanga alitikisa kichwa, lakini mwalimu hamfukuzi mwanafunzi. Akamtajia mpaka sauti ikakauka. Fisi aliyapokea kama anavyopokea nyama, jina juu ya jina, bila kutafuna. Halafu akaondoka akitembea polepole, shingo imekakamaa, kama mama aliyejitwika mtungi uliojaa, asije akamwaga hata moja.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake wanyama wote walijaa mbele ya pango. Simba alikuwa ndani, amejilaza juu ya jiwe, na pembeni yake pana paja la pundamilia alilobakiza jana.

"Nitangulie mimi," alisema Sungura. "Wazee wangu, msije mkachoka bure kusubiri."

Aliingia, akainama kwa adabu, akasogea mpaka mgongo ukagusa ufa wa nyuma. Masikio akayalaza kisogoni.

"Anza," alisema Simba.

Nyuma ya ufa, Fisi alikuwa ameanza vizuri. Jina la kwanza lilikuwa pale pale, mlangoni mwa kichwa. Lakini ufa uliopitisha sauti kwenda ndani ulipitisha na harufu kuja nje. Lile paja! Fisi hakuwa amekula tangu jana. Majina yote yaliyorundikana kichwani yakaanza kuelea kama vipande kwenye supu.

"Mtikisa..." alinong'ona. "Mtikisa Minofu."

"Mtikisa Minofu!" alipaza Sungura.

Simba alifungua jicho moja. "Rudia."

Sungura alidhani amempendeza. Simba na minofu, si ndiyo mambo yake? "Mtikisa Minofu, ewe Mfalme!"

Huko nje Bi Digidigi alishtuka. Minofu? Sungura alikuwa akisema kwa uhakika, bila kusita, kama mtu anayejua. Labda ni mimi niliyekosea, aliwaza. Labda nilisikia vibaya tangu mwanzo.

"Endelea," alisema Simba, sauti imeshuka.

"Mlinda Mchuzi!"

Tumbili alijiziba mdomo kwa mkia.

"Mtandaza Utumbo! Mnusa Paja! Na la mwisho, lililo kubwa kuliko yote..." Sungura alitega sikio, akalipata, akalitoa kwa madaha, mkono kifuani: "Mpasua Mifupa!"

Simba aliinuka taratibu, manyoya yamemsimama.

"Niambie, Sungura. Mimi nikila, nakula nini?"

"Nyama, Mfalme."

"Na mifupa namwachia nani?"

Sungura alingoja anong'onezwe. Na kwa bahati mbaya, akanong'onezwa. Hilo lilikuwa swali ambalo Fisi alilijua akiwa usingizini na akiwa macho, wala hakuweza kujizuia. Alilijibu kwa sauti yake yote, kwa furaha:

"Fisi, Mfalme!"

Lilikuwa jibu pekee sahihi lililotolewa pangoni asubuhi ile.

Simba alizunguka nyuma kwa hatua ndefu, akarudi amemkamata Fisi kwa shingo. Sungura alikuwa ameshafika mlangoni, ila Tembo, aliyempisha Simba tu, alikuwa amerudi pale kuchungulia vizuri, na hapakuwa na pa kupita.

"Mifupa yangu, Sungura!" alilia Fisi akining'inia. "Umesema uboho!"

"Uboho gani? Umeniharibia! Mpasua Mifupa! Hukuona kwamba unajitaja mwenyewe?"

"Na wewe uliyeyasema mbele ya Mfalme, hukuona?"

Sungura aligeuka kutafuta tena upenyo miguuni mwa Tembo. Angeonaje, na hakuwahi kuyajua?

"Nyamazeni!" alinguruma Simba. "Nimetukanwa nyumbani kwangu. Mtihani umekwisha. Hakuna mwitaji, hakuna wa pili. Nitatoka nikitaka, na nyote mtakunywa tope!"

Wanyama walianza kurudi nyuma. Bi Digidigi alimtazama mwanawe aliyekuwa amelala kwenye majani makavu, kisha akajikuta ameingia pangoni.

"Mfalme, mimi bado hujanisikiliza."

Simba alitazama huku na huku. "Nani anasema?"

"Chini hapa, Mfalme."

"Wewe? Nawe unaniletea mchuzi?"

Bi Digidigi alifungua mdomo. Minofu, mchuzi, utumbo: maneno ya Sungura yalikuwa bado yanamzungukia masikioni, na jina la kwanza halikuja. Akafumba macho. Hakulifukuza jina. Alimfuata babu. Yule babu alinguruma, halafu? Halafu mawe yakaporomoka. Yaliporomoka wapi?

"Mtikisa Milima," alisema.

Simba alikaa.

"Mlinda Mito. Mtandaza Kivuli." Kila jina lilikuja limeshika mkono wa mwenzake, kila moja na kisa chake, na sauti ya Bi Digidigi ikapata nguvu jinsi alivyokwenda. Nje alisikika Kanga akiyafuatisha kwa mdomo uliofumbwa. "Mfunga Mabonde. Mwamsha Jua." Aliendelea hivyo, bila haraka, hadi alipofika kwenye jina la mwisho, la mama yake Simba, aliyewaongoza wanawe asubuhi ya baridi wakati hakuna aliyeona njia. "Mpasua Ukungu!"

Simba alishusha pumzi ndefu. Mdomo ulitaka kutabasamu, akauzuia, kwa maringo. Alipita katikati ya wanyama, kichwa juu, akanywa. Alinyanyua mguu aingie majini kujigaragaza kama kawaida yake, kisha akaushusha. Ni vigumu kuitwa Mlinda Mito mbele ya watu wote halafu ukayachafua maji hapo hapo.

"Njoo, mwitaji wangu," alisema. "Mlete na mtoto."

Bi Digidigi alikunywa maji safi mpaka akatosheka. Asubuhi ile, na zilizofuata, alikunywa wa pili. Maziwa yakarudi. Haukupita muda mrefu, wanyama wakamwona yule mdogo amesimama kando ya chemchemi, miguu minne imeachana, akianguka na kuinuka na kuanguka tena.

Sungura na Fisi walipangwa mwisho kabisa wa foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, nao waligombana kila siku juu ya nani anyonye tope kwanza. Siku moja Sungura alimfuata Bi Digidigi malishoni, masikio yameinama.

"Dada, nifundishe yale majina. Ila kwa njia ya mkato, tafadhali."

"Haya, kaa," alisema Bi Digidigi. "Leo jina moja. Kesho kabla sijakupa la pili, utanitajia la leo."

"Hiyo ndiyo njia ya mkato?"

"Ndiyo. Nyingine uliipita, ukatokea kwenye tope."

Sungura alikaa.

Nawe mwanangu, unayejiandaa kwa mtihani wako, mengi ya hapa unaweza kuyasahau, wala sitakulaumu. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukishasoma, funga kitabu ujisimulie ulichosoma kwa maneno yako mwenyewe, na ufungue tena pale tu utakapokwama.