Kwa Nini Jicho la Nyumba Halikandikwi

Kabla udongo haujapanda ukutani, nyumba za safu ya milima ya Itulwe zilikuwa fito tupu na nyasi juu yake. Upepo uliingia upande huu ukatokea upande ule, haukupiga hodi wala haukuaga, na aliyekaa ndani alimtambua jirani anayepita njiani kwa kuiona miguu yake kati ya fito. Na kule juu, jamani, kuna baridi. Si baridi ya kujitanda kanga ukaisahau. Ni ile ya kuamka ukakuta maji ya mtungi yameshika ngozi ya barafu, na ng'ombe wanatoa moshi puani kama wazee wenye viko.

Watu walipigana na baridi hiyo kwa kuni. Kila nyumba ilikula mizigo mitatu kwa siku, na joto lote likapenya kwenye fito, likaenda zake kuyapasha moto mawe ya mlimani ambayo hayakuomba. Msitu uliokuwa nyuma ya nyumba ukasogea ng'ambo ya kijito, kisha ukasogea nyuma ya kilima cha pili, mpaka wanawake wakawa wanaondoka alfajiri na kurudi jua limeshainama, shingo zimekakamaa. Na bado watoto wachanga walikufa. Mwezi wa ukungu ulipofika hakuna aliyeuliza mtoto wa fulani kafa na nini. Upepo umemchukua, basi, watu wakarudi kuchanja kuni.

Mama mmoja aitwaye Syabumi alikuwa amechukuliwa watoto wawili hivyo. Alibakiwa na mwana mmoja tu, na huyo mwana akamwoa Subilaga, binti mdogo bado, mwenye maneno ya haraka kama maji ya mteremkoni. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, usingizi ukamtoka kabisa. Alihesabu miezi kwa vidole, akaanza upya, akahesabu tena, jibu likawa lilelile. Mtoto angezaliwa katikati ya ukungu.

Siku moja mama mkwe wake alimtuma kihengeni kuchota ulezi. Vihenge vya Itulwe vilikandikwa tangu zamani, udongo na mavi ya ng'ombe, ili panya na wadudu wasiingie. Subilaga akaingiza mkono ndani, akauacha humohumo.

"Mama, ulezi umelala pazuri kuliko sisi."

"Ulezi haulii njaa, mkamwana. Toa tupike."

"Nasema kuna joto humu! Hakuna moto, hakuna kuni, lakini kuna joto. Weka mkono, mama, hebu weka mkono!"

Syabumi akaweka mkono. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kulikanyaga tope.

Wakakandika nyumba ya Subilaga, wakwe wawili, tumbo likiwa mbele. Walichanganya udongo wa kijitoni na mavi ya ng'ombe na majivu na nyasi zilizokatwakatwa, wakasukumiza kati ya fito kwa viganja, ndani na nje, hata chini ya nyasi za paa. Mlango wa matete wakaushonea ngozi ya ng'ombe. Chini yake wakatengeneza furushi la nyasi la kuziba pale upepo unapopita kwa tumbo kama nyoka. Sehemu moja tu waliiacha, tundu la ukubwa wa ngumi pale juu kabisa ukutani, chini ya paa, kwa sababu moshi uliwachoma macho. Mwanga uliingia hapo kidogo, kwa hiyo wakaliita jicho.

Majirani walikuja kucheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Ngabagila, mwanamke wa nyumba ya pili, mdomo wake haukuwa na kizingiti.

"Subilaga, hiyo nyumba unaijenga au unaivisha? Mwishowe utaipaka na mafuta."

"Nitaipaka, shoga, na wewe utakuja kuiota."

Akaja kuiota kweli. Wote walikuja. Mzigo mmoja wa kuni ulidumu siku tatu, na ukiegemeza mgongo ukutani jioni, ukuta wenyewe ulikupa joto kama ubavu wa ng'ombe. Kabla ukungu haujashuka, Itulwe nzima ilikuwa na tope hadi kwenye nyusi.

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Lugano. Mzima, mwekundu, ana sauti. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni siku hiyo lakini haukuingia.

Sasa, Itulwe mtu haendi kumtazama mtoto mchanga mikono mitupu. Zamani walipeleka kuni. Lakini nyumba ile haikuwa na shida ya kuni tena, kwa hiyo wanawake, kwa mapenzi tu, wakaja na udongo. Kila mmoja alikuja na tonge lake kiganjani, akaizunguka nyumba akitafuta ufa, akaupata, akauziba, akasema, "Upepo usikuone, mjukuu wetu." Wa kwanza alikuta nyufa nyingi. Wa tano alitafuta kwa muda. Ngabagila, wa saba, alipata kijipenyo kimoja kwenye mwimo wa mlango, kidole hakipiti, akakishindilia huku akijisifu kwamba yeye ana macho ya mwewe.

Bibi wa mtoto hutoa wa mwisho, na zawadi yake huwa kubwa kuliko za wote. Ndiyo desturi. Syabumi akaizunguka nyumba mara moja, akapapasa. Mara ya pili. Hakuna ufa. Wanawake wamesimama wanamtazama, na tonge linaanza kumkaukia mkononi.

"Rudi nalo, mama," Ngabagila akasema, "tumekumalizia nyumba."

"Mimi? Bibi wa mtoto nirudi na tonge langu? Wale wawili walikufa sikuwa na hata udongo wa kuwawekea!"

Akainua macho. Akaliona jicho. Akavuta kinu, akapanda juu yake, akanyoosha mkono wote, akalisukumiza tonge ndani na kulilainisha kwa kidole gumba.

"Mama, moshi utatokea wapi?" Subilaga akauliza toka ndani, maana kulikuwa giza ghafla.

"Moshi gani? Zima kuni zako. Nitakuletea makaa, makaa hayana moshi."

Na kweli hayakuwa na moshi. Alileta chungu kizima, mekundu, mazuri, akakiweka karibu na kitanda. Akaegesha mlango, akamwambia Subilaga ausukumie furushi la nyasi kwa ndani, kisha akaenda kuchimbua viazi shambani, nyuma tu ya nyumba. Wanawake wakatawanyika, kila mmoja amefurahi.

Joto lile hakuna mtu wa Itulwe aliyewahi kulijua. Subilaga alijifunua nguo. Alimnyonyesha mtoto akitabasamu gizani peke yake, akawaza, sasa uje, upepo, uje uone. Baadaye kichwa kikaanza kumgonga. Akasema ni uzazi. Akahisi kichefuchefu, akasema ni ule uji. Pembeni ya kitanda alilala mwana-mbuzi aliyezaliwa juzi, walimweka ndani asife kwa baridi, na Subilaga akamsogeza kwa mguu apate kujinyoosha. Mwana-mbuzi akabiringika. Akabiringika kama mfuko, shingo ikabaki nyuma.

Subilaga akamtazama kwa mwanga mwekundu wa makaa. Akamtazama tena. Halafu akamtazama mtoto.

Lugano alikuwa ameachia ziwa. Mdomo wazi, maziwa yametiririka shavuni, mkono mmoja unaning'inia. Akamtikisa. Akamwita. Akamfinya mguu, yeye ambaye hakuwahi kumgusa hata kwa ukucha, akamfinya kwa nguvu, mtoto kimya! Akasimama, miguu haikuwa yake, akaanguka kwa magoti huku amemkumbatia, akataka kupiga yowe ikatoka sauti kama ya kuku aliyebanwa mlangoni. Mlango uko wapi? Wekundu wa makaa haufiki mbali, kuta zote zinafanana gizani, hakuna hata uzi wa mwanga wa kumwonyesha. Akapapasa, akashika mwiko, akaupiga ukuta. Udongo haukubanduka. Ulikuwa udongo mzuri, na majivu yake, na nyasi zake, aliukanda mwenyewe, aliusifu mwenyewe. Akapiga, akapiga, mwiko ukavunjika. Mkono ukagusa mtungi wa maji. Akausukuma kwa nguvu zote zilizobaki.

Mtungi ukipasuka kwenye nyumba yenye mtoto mchanga ni mkosi, kila mtu anajua. Syabumi aliusikia toka shambani, akatupa jembe, akaja mbio amekasirika.

"Mkamwana! Mtungi, mtoto hata wiki hana!"

Akausukuma mlango. Ukagoma, furushi limeubana. Akausukuma kwa bega. Ulipofunguka, joto lilimpiga usoni kama kofi, na miguuni pake akamkuta Subilaga amelala kifudifudi, mtoto chini ya kifua.

Hakuuliza. Alimvuta mama kwa kwapa mpaka nje kwenye majani yaliyolowa, akamnyakua mtoto, akamvua nguo zote. Upepo ulikuwa unavuma siku hiyo, ule wenyewe, wa mwezi wa ukungu. Na Syabumi, aliyeuchukia upepo kuliko kitu chochote chini ya mbingu, alimnyanyua mjukuu wake uchi juu ya kichwa na kuuelekea.

"Ingia!" akapiga kelele. "Nimekuzibia, nimekosa, ingia! Ingia kwa huyu!"

Mtoto kimya. Wanawake walianza kutoka majumbani. Ngabagila akaziba mdomo kwa mikono miwili. Upepo ukapita, ukapita tena, na kile kifua kidogo kikaruka. Kikaruka mara ya pili. Kisha Lugano akalia, kilio chembamba, cha hasira, na Subilaga pale majanini alipokisikia akatapika, akatambaa kuelekea kilio hicho.

Aliyeanza kusema ni Ngabagila.

"Bomoeni! Kuta zote, leo hii! Nyumba imemeza pumzi ya mtoto!"

Akaokota jembe la Syabumi. Subilaga akamshika mguu.

"Usibomoe," akasema. Meno yaligongana, maneno yakatoka vipande vipande. "Ukibomoa, mwezi huu huu upepo unarudi kuchukua watoto. Ukuta haujakosa. Joto tulilizuia vizuri. Lakini pumzi yetu nayo tuliizuia, na ya yale makaa, zikakaa humo ndani hazina pa kutokea. Fungua jicho. Jicho tu, na mlangoni chini unipe nafasi ya kidole. Na hicho chungu kitoke."

"Lile tonge ni langu," Syabumi akasema. "Mwenyewe nitalitoa."

Akapanda juu ya kinu. Tonge lilikuwa limeshaanza kushika, akalichokonoa kwa kucha mpaka kidole kikatoka damu, likaangukia ndani. Akaweka kiganja mbele ya tundu. Ile hewa nzito ya ndani ikatoka, vuguvugu, ikampuliza mkononi. Akabaki amesimama hivyo juu ya kinu, kiganja wazi, analia.

Na tangu siku hiyo, kule mlimani watu hukandika kila mahali, hufunga mlango kwa ngozi, huziba nyufa kila mwaka kabla ya ukungu, na mzigo mmoja wa kuni huwatosha siku tatu. Lakini jicho la juu halikandikwi, chini ya mlango huachwa nafasi ya kidole, na makaa huishia nje, hata mvua ya mawe ikinyesha, hata mtoto akiwa wa leo. Wanawake bado humpelekea mtoto mchanga tonge la udongo. Bibi peke yake ndiye huja mikono mitupu, akiwa wa mwisho, na hakuna anayemwita mchoyo. Hapokei kiti, hasalimii, hamwulizi mtoto jina. Anapanda kwanza juu ya kinu, ananyoosha kiganja mbele ya jicho, na wote waliopo hunyamaza mpaka aseme amepulizwa.