Kitovu cha Mwenye Nchi

"Hadithi iko mlangoni!"
"Ifungulieni!"
"Ina vumbi miguuni!"
"Inawe, ikae, iseme!"

Haya, sogeeni. Hapo kale nchi yetu hii haikuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa na majani, upepo na Kenge. Kenge alilala juu ya jiwe, na chini ya jiwe ndiko kulikokuwa na chemchemi, maji pekee ya nchi nzima.

Wakaja watu wa milimani, wanakimbia njaa. Wakaja watu wa ziwani, wanakimbia vita. Wakaja watu wa visiwani, wanakimbia utumwa. Wote midomo imewakauka! Na kati yao alikuwamo Nyamizi wa milimani, aliyeolewa njiani na Makorongo wa ziwani, na mimba yake ilikuwa imetimia.

"Kenge, tupe maji!"

"Maji ni ya mwenye nchi," Kenge akasema. "Na mwenye nchi ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa hapa. Nionyesheni."

Kesho yake asubuhi Shekiondo, mzee wa milimani mwenye maneno mengi, akajipiga kifua. "Changu kile pale!"

Kenge akafukua. Lo! Kikonyo cha boga! Kumbe mzee alikizika alfajiri. Wa ziwani nao wakafukuliwa chao: mkia wa kambare. Wa visiwani: kipande cha kamba. Jamani, watu walicheka na kiu yao hiyohiyo!

"Waongo nyote," Kenge akasema, akafumba macho.

Makorongo akapiga magoti. "Bwana Kenge, mke wangu atanifia na mtoto wangu tumboni."



Mara uchungu ukamshika Nyamizi palepale! Wanawake wakamzunguka. Mkunga wa visiwani akampokea mtoto wa kike, akakata kitovu, akakizika kando ya jiwe. Mtoto akalia, ngaa! ngaa! ngaa!

Kenge akaruka. "Mwenye nchi ananiita!" Akalisukuma jiwe kwa mkia, maji yakabubujika. Nyamizi akanyweshwa kwanza. Wengine wakayavamia na vibuyu vyao.

"Ngojeni!" Nyamizi akafoka. "Mbona hamjapiga hodi?"

Wakasimama wote. Shekiondo, na mvi zake zile, akamwinamia yule kichanga.

"Hodi, mama."

Mtoto akapiga chafya.

"Kasema karibuni!" Vigelegele! Wakanywa mpaka matumbo yakawauma.

Basi ukimsikia mtu anajitapa kwamba wenzake ni wageni, yeye ndiye mwenyeji, mwulize babu yake alimpigia nani hodi.

Hadithi imenawa, imekaa, imesema. Nami koo limekauka. Nileteeni maji, na msiniulize kitovu changu kiko wapi!